Kitufe cha Kurudi Nyuma

Katika Jamhuri ya Songa hadithi hairuhusiwi kuanza na "hapo zamani za kale". Msimulizi anayejipenda huanza na "hapo baadaye", na wasikilizaji huitikia kwa sauti moja, "Na iwe!" Asiyeitikia hutazamwa. Mimi namshukuru Mungu sikuzaliwa huko, kwa hiyo nitasema kama kwetu tunavyosema: palikuwa na nchi, na nchi hiyo ilikuwa hairudi nyuma.

Sisemi kwa mafumbo. Haikurudi nyuma kwelikweli. Magari yaling'olewa gia ya rivasi pale pale mpakani, na vioo vya pembeni vikafuata, maana dereva anayetazama alikotoka bila shaka ana jambo lake. Gari likiingia kichochoro kisicho na njia, serikali ilifika kwa haraka ya kusifika na kubomoa nyumba iliyokuwa mbele yake. Barabara zote za mji mkuu zilijengwa kwa mduara, ili mtu aliyesahau mwavuli nyumbani aufuate kwa kwenda mbele, apitie kata zote, na akifika mlangoni mvua imeshakatika. Vinyozi walikatazwa kumwonyesha mteja kisogo chake kwa kioo cha pili. Ndiyo maana mabwana wa Songa, mawaziri wakiwemo, walikuwa nadhifu kwa mbele, na nyuma kama shamba lililopitiwa na nguruwe. Kila mtu alikiona kisogo cha mwenzake, na kila mtu aliamini chake ni kizuri.

Hata msibani mambo yalikuwa ya mbele. Sisi nasi husema marehemu ametangulia, lakini Wasonga walilibeba neno hilo kwa uzito wa kiserikali. Aliyefiwa hakupewa pole. Alipewa hongera. Mjumbe wa mtaa alikuja na mashada na kumshika mkono mfiwa, akimwambia jinsi taifa linavyojivunia familia iliyotoa mtu wa kufika mbele kabla ya wengine. Pole ilipigwa marufuku, kwa kuwa pole ni neno linalohusu jambo lililokwisha kutokea.

Katika nchi hiyo aliishi Mwalimu Mfaume. Alikuwa mwalimu wa historia, na somo lilipofutwa hakufukuzwa, alibadilishiwa tu. Akapewa somo la Yajayo. Miaka mingi aliwafundisha watoto vita ambavyo taifa litashinda, tarehe zake, na majina ya mashujaa ambao bado hawajazaliwa, na watoto walifaulu vizuri. Alikuwa mtu mpole, wa shati lililopigwa pasi, ambaye hajawahi kuitwa ofisini kwa kosa lolote. Mkewe alipofariki alipokea hongera kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kulia bafuni huku bomba limefunguliwa. Akabaki na mtoto mmoja, Zawena.

*

Zawena alizaliwa na moyo wenye mlango mmoja usiofunga sawasawa. Damu iliyotakiwa kwenda mbele ilikuwa ikifika mlangoni, nyingine inapita, nyingine inarudi ilikotoka. Madaktari wa Songa walimsikiliza kifua, wakatazamana, wakaandika kwamba mgonjwa ni mzima. Damu ya raia wa Songa kurudi nyuma ni jambo lisilowezekana kisheria. Alipozidi kuvimba miguu na kuhema kila apandapo ngazi, walimshauri atembee kwa bidii zaidi.

Basi akavuka mpaka kwenda nchi jirani, ambako moyo unaruhusiwa kuumwa. Alipata kazi ya kushona sare za shule, na hospitali moja ikamwandikisha kwenye foleni ya kupasuliwa. Lango la mpakani lilikuwa la kutokea tu. Baba yake alimsindikiza mpaka pale, akasimama akimtazama anavyokwenda, na Zawena, mtoto aliyelelewa vizuri, hakugeuka kumpungia mkono. Aliunyoosha mkono juu, uso ukiwa mbele, akaupunga hivyo hivyo mpaka akapotea kwenye umati.

Walichobaki nacho ni Ijumaa. Simu za nje zilipita kwenye kompyuta ya nyumbani tu, na kompyuta zote za Songa hazikuwa na waya, kwa sababu waya, alisema Kiongozi wa Msafara, mkuu wa nchi, humfunga mtu mahali alipo. Kila kompyuta ilipewa adapta, kidude kidogo cha kuchomeka ubavuni, kinachonasa mtandao hewani. Kilikuwa na kitaa cha kijani. Kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri Mwalimu Mfaume alivaa kanzu safi, akaketi mbele ya kile kitaa, na uso wa Zawena ukaja.

"Baba, wamenipa siku," alisema Ijumaa moja. "Alhamisi ijayo, adhuhuri."

"Alhamdulillahi! Mbona uso umeukunja?"

"Kuna kitu kinanitisha."

"Kisu?"

"Kisu sitakisikia. Daktari kasema wakinichoma sindano ya usingizi nianze kuhesabu kurudi nyuma. Kumi mpaka moja. Nikamwambia sawa daktari. Baba, mimi sijui."

Ni kweli hakujua. Alizaliwa sheria imeshapita, na watoto wa rika lake walifundishwa kuhesabu kwenda juu tu, wakaachwa waendelee mpaka kengele ya mapumziko. Mwalimu Mfaume alikwenda kufunga dirisha. Akarudi kitini, maana ndani ya chumba mtu huweza kurudi kitini ikiwa hakuna anayemwona, akashusha sauti.

"Baada ya kumi inakuja tisa."

"Kumi, tisa."

"Nane."

"Nane, tisa... Ah! Ulimi unakwenda wenyewe."

"Polepole, mama. Kumi, tisa, nane, saba."

"Kumi, tisa, nane, saba, nane. Baba!" Akacheka mpaka akashika kifua, na baba yake akaacha kucheka pale pale.

"Usijisumbue kukariri," akamwambia. "Siku hiyo waambie wakuwekee simu sikioni. Mimi nitakuwa hapa. Nitataja, na wewe utafuatisha. Tutahesabu wawili."

"Na usipokuwepo?"

"Nitakuwa wapi mimi, Zawena? Nina pa kwenda?"

*

Jumatatu iliyofuata redio ilipiga tarumbeta. Kiongozi wa Msafara alilitangazia taifa kwamba mfumo endeshi wa kompyuta zote za nchi, uliokuwa ukiitwa Mbele ya Nne, umepitwa na wakati tangu jana jioni, na kwamba leo, kwa mpigo mmoja, kila kompyuta itapanda kuwa Mbele ya Tano. Hakuna atakayeulizwa, alisema, kwa sababu hakuna atakayekataa.

Kioo cha kompyuta ya Mwalimu kikawa zambarau. Picha ya Kiongozi akionyesha kidole upande wa kulia ikakaa pale muda mrefu. Kisha maandishi yakatokea: "Hongera! Umesonga mbele. Kifaa kimoja hakikutambuliwa." Mwalimu akatazama ubavuni mwa kompyuta. Kitaa cha kijani kilikuwa kimezimika.

Akachomoa adapta, akaipuliza, akaichomeka. Akaichomeka upande wa pili. Akazima kompyuta, akawasha. Akaifuta kwa pindo la shuka, ingawa haikuwa na vumbi, kwa sababu mtu aliyepotewa na kitu hufanya hata lisilo na maana ili asikae bure. Kitaa kilibaki vile vile.

Jirani yake, Bi Siwatu, mjane anayeuza vitambaa, alichungulia mlangoni.

"Na yako pia imekufa?" aliuliza. Kisha akaziba mdomo na kutazama barabarani. "Namaanisha, na yako pia imetangulia?"

"Ya kwako je?"

"Mtaa mzima, Mwalimu. Nimepita kote. Wote wanapuliza tu."

Mwalimu akaingia kwenye orodha ya vifaa vya kompyuta, akakuta adapta yake ina alama ya njano ya hatari. Akaibonyeza. Alijua kidogo mambo haya, na Wasonga wengi walijua kuliko walivyojionyesha. Ndani ya kompyuta kuna programu ndogo, kiendeshi, inayoiambia mashine namna ya kuzungumza na kile kidude. Mbele ya Tano ilikuwa imekuja na kiendeshi kipya kilichotengenezwa kwa ajili ya adapta ambazo nchi bado haijanunua. Cha zamani kilikuwepo bado, kimelala mahali pale pale kilipolala siku zote. Palikuwa na vitufe vitatu. Cha kwanza kiliandikwa "Sasisha". Mwalimu akakibonyeza, na kompyuta ikamjibu kwamba ili kupata kiendeshi kinachounganisha mtandao, aunganishe mtandao. Cha tatu kiliandikwa "Ondoa".

Katikati ulikuwa uso wa Kiongozi wa Msafara.

Nieleze hapo. Mfumo ule ulitengenezwa ng'ambo na watu wasiojali maadili ya Songa, na kitufe cha katikati kilisomeka "Rudisha kiendeshi cha awali". Wizara haikuweza kukifuta. Ikasambaza kibandiko chenye picha ya Kiongozi, na kila raia akatakiwa kukibandika juu ya kioo, mahali hasa kitufe hicho kinapotokea. Mwalimu Mfaume alikuwa amebandika cha kwake siku ile ile kilipoletwa, kwa uangalifu, akilainisha pembe kwa ukucha.

Kidole chake kilikisogeza kishale mpaka kwenye tabasamu la Kiongozi. Hakuna lililomzuia. Hakukuwa na askari chumbani, na Bi Siwatu alikuwa amegeukia mlango makusudi, akijifanya anahesabu njiwa. Mwalimu akauondoa mkono.

"Kesho nitakwenda ofisini," alisema. "Watakuwa na utaratibu."

*

Wizara ya Mwelekeo ilikuwa na foleni ya duara, ambayo kila mtu ndani yake alikuwa wa mbele. Jumanne yote Mwalimu aliizunguka ile foleni, na jioni akamfikia Mhandisi Lukindo, mtu wa shahada nyingi na miwani minene. Lukindo akaichomeka adapta kwenye kompyuta yake mwenyewe, iliyokuwa nayo haina mtandao.

"Naona," akasema. "Haifanyi kazi."

"Ndiyo, bwana mkubwa. Naomba dawa yake."

Lukindo akatazama mlango. "Wewe Mwalimu, dawa yake unaijua?"

"Naijua."

"Mimi pia naijua. Waziri anaijua. Mhudumu wa chai anaijua."

"Basi..."

"Basi ndiyo hivyo." Akavuta pumzi, na sauti yake ikabadilika kuwa ya ofisi. "Kamati ya wataalamu imependekeza taifa lisonge kwa kasi zaidi. Tutapanda Mbele ya Sita, ya Saba, na kuendelea. Utafiti unaonyesha kwamba huko mbele kabisa lipo toleo linalofanana sana na la Nne."

"Lini?"

"Baadaye."

"Mwanangu anapasuliwa Alhamisi. Nimemwahidi nitakuwa naye hewani. Hajui kuhesabu, yaani anajua, lakini hajui kwa upande ule."

"Anaumwa nini?"

"Moyo. Damu inarudi nyuma."

Mhandisi Lukindo aliinuka akafunga dirisha. Alipokaa tena alikuwa amevua miwani, na macho yake bila miwani yalikuwa madogo, ya mtu ambaye naye ana mtoto mahali fulani.

"Mwalimu, hilo sikulisikia," akasema taratibu. "Tafadhali usinilazimishe kulisikia."

*

Jumatano wananchi waliitwa uwanjani, kila mmoja na adapta yake mkononi. Waziri wa Mwelekeo, Mheshimiwa Mabruki, alipanda jukwaani kwa ngazi za kupandia. Za kushukia zilikuwa upande mwingine.

"Ndugu wananchi!" akaanza. "Wako watu wanaonong'ona kwamba mfumo umeshindwa. Nawauliza, mfumo umeshindwaje nao uko mbele? Mfumo uko mbele unawasubiri! Kilichoshindwa ni adapta. Adapta imezoea. Adapta inataka mambo ya Mbele ya Nne. Je, tuikate shingo? Hapana. Serikali yenu ni sikivu. Serikali yenu imeamua kuzijengea uwezo!"

Watu wakapiga makofi. Ikatangazwa kwamba adapta zote zitahudhuria semina elekezi ya siku mbili katika Ukumbi wa Upeo, kwa gharama za umma.

Mwalimu Mfaume akanyoosha mkono. Watu waliokuwa karibu naye wakasogea pembeni kidogo. "Mheshimiwa, semina itakwisha lini? Mwanangu yuko nje, ni mgonjwa, kesho adhuhuri..."

"Yuko nje?" Waziri akauliza. "Maana yake alisonga mbele kuliko wewe. Hongera, mzee!"

Wakapiga makofi tena, na mtu mmoja aliyevaa fulana ya Msafara akaichukua adapta mkononi mwa Mwalimu kwa adabu kubwa, akaiweka ndani ya sinia.

Kwa hiyo semina ikafanyika. Nisingeamini kama nisingesimuliwa na watu wengi waliochungulia madirishani. Kila adapta iliwekwa kwenye kiti chake, mbele yake chupa ya maji na kalamu. Mtaalamu wa kwanza alitoa mada kuhusu mabadiliko ya fikra. Wa pili alizigawa kwenye vikundi vya majadiliano, na vikundi vilipokaa kimya alisema kimya hicho ni dalili ya kutafakari. Chakula cha mchana kilipangwa mbele ya adapta na kuliwa na waandaaji. Wenye adapta walikaa nje juani siku ile na kesho yake asubuhi, na kati yao Mwalimu Mfaume, akiwa amevaa ile kanzu yake ya Ijumaa.

Alhamisi, kabla ya adhuhuri, milango ilifunguliwa. Kila adapta ilitoka na cheti cha ushiriki. Mwalimu aliipokea yake, akaifungia kiganjani, akatoka mbio.

Hapo ndipo penyewe, na naomba msomaji anivumilie nikisema polepole. Ukumbi wa Upeo ulijengwa nyuma ya mtaa wake. Aliposimama kwenye kibaraza cha kutokea na kuinamisha kichwa begani kidogo, aliliona paa la nyumba yake mwenyewe, na kwenye kamba ya Bi Siwatu shuka za njano zikipepea. Palikuwa karibu kiasi kwamba angeweza kuita, jirani akamsikia. Lakini nyumba ilikuwa nyuma yake. Barabara iliyokuwa mbele yake ilizunguka mji mzima, ikapita kiwandani, ikapita kambini, ikapita uwanjani, ndipo imfikishe.

Pale chini alisimama askari mmoja kijana, amechoka, anamenya chungwa.

Mwalimu Mfaume alijiambia: geuka. Alijiambia hivyo kwa sauti. Miguu iliyotii miaka yote hiyo haikujua igeuke vipi. Shingo iligeuka kidogo, mabega yakakataa. Askari aliinua macho kutoka kwenye chungwa lake, wala si kwa ukali.

Mwalimu akaenda mbele.

Alitembea, alikimbia, alipanda gari la mizigo kipande cha njia, akashuka lilipoharibika, akakimbia tena kanzu imekusanywa mkononi. Adhuhuri ilimkuta kiwandani. Alasiri ilimkuta uwanjani. Alipofika mlangoni kwake kivuli cha nyumba kilikuwa kimeshavuka barabara.

Akaichomeka adapta. Kitaa hakikuwaka. Cheti kilianguka sakafuni, akakikanyaga. Kisha akaubandua uso wa Kiongozi wa Msafara, ukatoka vipande vipande, kwa kuwa yeye mwenyewe aliubandika vizuri mno, na akabonyeza kitufe kilichokuwa chini yake.

Ilichukua muda wa kumeza mate. Kitaa kikawa kijani.

*

Aliyepokea alikuwa nesi.

"Wewe ndiye baba yake Zawena?"

"Ndiye mimi. Nimechelewa kidogo, mwanangu, barabara zetu ni ndefu. Niwekee sikioni kwake. Mwambie baada ya kumi ni tisa."

"Mzee," nesi akasema, "uko na mtu hapo nyumbani?"

Mwalimu alilijua swali hilo ni la namna gani.

"Tulikungoja," nesi akaendelea. "Aliomba tungoje, na daktari akakubali. Tulipiga, tukapiga. Simu ilikuwa sikioni kwake. Mwishoni akasema basi, nitahesabu ninavyojua."

"Akahesabuje?"

"Kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Sisi tukacheka, na yeye akacheka. Akasema msinicheke, kwetu ndivyo tulivyofundishwa. Alipofika kumi na nne akalala. Upasuaji ulikwenda vizuri, mzee. Mlango ule walishautengeneza. Ila moyo ulipotakiwa kuanza kupiga tena, haukuanza. Walijaribu sana. Pole, baba. Pole sana."

Hapakuwa na mtu wa kumwambia nesi kwamba neno hilo lilikuwa limepigwa marufuku.

Nesi alipokata simu Mwalimu aliendelea kukaa mbele ya kioo. Akahesabu peke yake, kwa sauti ya darasani, kumi, tisa, nane, saba, akiacha nafasi baada ya kila namba, ukubwa wa nafasi ambayo mtoto angehitaji ili afuatishe. Alipofika moja hakujua aende wapi. Laiti angekibonyeza Jumatatu. Kitufe kilikuwa pale Jumatatu, kilikuwa pale Jumanne, na kati yake na mwanawe palikuwa na karatasi yenye gundi.

Asubuhi mjumbe wa mtaa alileta shada. "Hongera, Mwalimu. Kijana kabisa, na tayari ametutangulia." Mwalimu akaupokea mkono wake kwa mikono miwili, maana mikono ilikuwa imezoea. Mjumbe alipoondoka Bi Siwatu aliingia na birika la chai, akafunga mlango kwa komeo, akaketi sakafuni karibu naye. Kisha akamwinamia sikioni, akasema kwa pumzi tu, "Pole, kaka yangu." Na Mwalimu Mfaume akalia mbele ya mtu kwa mara ya kwanza tangu utotoni.

Polisi walikuja kabla chai haijapoa. Mbele ya Tano ilikuwa na kazi moja iliyoweza kuifanya vizuri bila adapta yoyote, nayo ni kushtaki.

*

Mahakama ilijaa. Hakuna aliyekumbuka kesi nyingine ya kurudi nyuma, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kukumbuka.

"Mshtakiwa," alisema hakimu, bwana mwenye uso nadhifu na kisogo ambacho karani wake alijitahidi kutokitazama, "unakubali kwamba ulibonyeza?"

"Nakubali."

"Ulirudi nyuma kutafuta nini?"

"Mwanangu."

"Ulimkuta?"

Mwalimu alimtazama hakimu, akaona anakopelekwa, na moyo wake ukakataa kupelekwa.

"Nilimkuta," akasema.

"Alikuambia nini?"

Mwalimu akafumbua mdomo. Mtu huyu alikuwa amefundisha maelfu ya mambo ambayo hayajatokea, kwa tarehe na majina, bila kukwama. Sasa alitafuta neno moja la kumtilia mwanawe mdomoni, moja tu, asilipate. Hakuthubutu kumsingizia hata salamu.

"Hakusema kitu," akakiri. "Sikumkuta."

Hakimu akashusha kalamu kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi. "Basi sheria iko wazi. Kurudi nyuma ni kufika ulikotoka. Mshtakiwa hakufika. Aliondoka, akaenda, hakukuta mtu. Huko alikokwenda si nyuma, wala si popote. Mahakama inamwona hana hatia."

Watu wakashangilia. Mwendesha mashtaka mwenyewe akaja kumpa mkono.

"Mheshimiwa, nifunge," Mwalimu akasema.

"Kwa kosa gani?"

"Niliiona nyumba yangu. Nilikuwa kibarazani pale ukumbini, naliona paa, na muda ulikuwepo. Ningegeuka tu, ningefika kabla hawajamlaza. Sikugeuka, Mheshimiwa. Nilizunguka."

Hakimu alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Akamwambia hilo si kosa hata kidogo, bali ni utetezi bora kuliko wote aliowahi kuusikia, na kwamba angelisema tangu mwanzo asingesumbuliwa kuletwa hapo. Akaamuru maneno hayo yasomwe mashuleni, na ukumbi mzima usimame umpongeze. Wakasimama, wakapiga makofi kwa muda mrefu. Mwalimu Mfaume alibaki kizimbani akilia, mikono imeshika ubao, na kwa kuwa alikuwa analia huku ametazama mbele, hakuna aliyemkataza.